Ulikunywa Nini?

Wenzangu, Mungu ni mwema na mimi ni mzima. Hayo mawili niliombwa niyaseme kwanza, na nimekwisha kuyasema. Yanayobaki ni yangu. Walionialika waliniambia nisimulie kwa furaha ili wagonjwa wengine wapate moyo. Nitajaribu, lakini aliyekunywa shubiri humwambii alambe midomo, kwa hiyo mkiona nimekunja uso mahali fulani, mnivumilie. Majina ya watu nimeyabadilisha, hata langu. La ng'ombe nimeliacha kama lilivyo.

Niiteni Spesioza. Kwetu ni Muyama. Baba yangu ni Muha wa hapohapo, mkulima wa maharage na migomba. Mama alitoka Burundi akiwa msichana, akaishi kambi ya Mtabila miaka mingi kabla haijafungwa, na huko ndiko baba alikomkuta akiuza mandazi. Kambini alitoka na tabia moja ambayo hana mpango wa kuiacha: anachemsha kila kitu. Maji, maziwa, hata vitambaa vya kufutia vyombo. "Mtabila tulizika watu kwa ajili ya kikombe kimoja cha maji," husema. Sisi watoto tulimtania kwamba angeweza, angechemsha na mvua kabla haijafika chini.

Nilijifunza ushonaji Kasulu mjini. Nilikuwa na mwili wangu wakati huo, msinione hivi. Nilikanyaga cherehani kutwa nzima na jioni nikabeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Nilipoolewa na Ezekieli wa Murungu, kule Kibondo, cherehani yangu ilitangulia mbele yangu kwenye pikapu. Ezekieli alikuwa mtu mpole sana. Siku hizo nilidhani upole wa mwanamume ni sifa tu, hauna gharama.

Tuliishi na mama yake, ambaye nitamwita Mama Ezekieli. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe wanne, na aliwajua ng'ombe wake kuliko alivyowajua majirani. Wiki ya kwanza nilibandika sufuria ya maziwa jikoni. Akaja akaiepua mwenyewe kwa upande wa kitenge chake.

"Hapa maziwa hayapelekwi motoni," akasema. "Ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe zinaungua na yeye anakauka. Kwenu hamkuwa na ng'ombe, si kosa lako."

"Lakini Mama, kwetu tuliambiwa..."

"Aliyekuambia ni mtu wa kambini, mwana wanje. Huko walichemsha kwa sababu maziwa yenyewe yalikuwa ya unga."

Aliniita mwana wanje, yaani mwanangu, na waliokuwepo wakacheka, na mimi nikacheka nao. Moyoni iliniuma, lakini bibi harusi mpya hana mdomo. Nikanywa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Niliposhika mimba akaniongezea cha mchana. Na niseme haki ya Mungu, alinipa kwa mapenzi. Alininyima vingine lakini maziwa hakuninyima. Aliniwekea lile povu la juu, lenye joto la ng'ombe bado, akasimama kuniangalia mpaka nimalize.

Mimba ikiwa na miezi mitatu, ng'ombe mmoja aitwaye Bihogo, yule mwekundu, alitupa ndama kabla ya wakati. Ndama alitoka amekufa, manyoya bado hayajakamilika, na kondo la nyuma likagoma kutoka. Siku ya pili harufu ikaanza. Mama Ezekieli akanitazama mikono.

"Mikono yako ni myembamba, mkwe. Mimi vidole vimekakamaa. Ingiza, uvute taratibu."

Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sikuwa na glavu wala mfuko wa plastiki. Vidole vyangu, kama vya fundi yeyote, vilikuwa na vitundu vya sindano. Nilivuta kipande kwa kipande mpaka likaisha, nikanawa kwa sabuni ya kipande, nikaenda kula ugali. Mama Ezekieli alinisifia kwa majirani wiki nzima.

Wiki ya nne homa ikaanza. Haikuja kama malaria, maana malaria tunaijua, inakuangusha siku ileile. Hii ilinyemelea. Asubuhi nilikuwa nafuu, nikapika, nikafagia. Ikifika jioni mwili unapata moto, kisha baridi, kisha jasho linatoka mpaka godoro linalowa. Jasho lenyewe lilikuwa na harufu ya majani yaliyolowa na kuoza. Ezekieli alihamia kwenye mkeka. Kiuno kikaanza kuuma, upande wa kulia, kama mtu ameingiza kabari kati ya mifupa. Cherehani nikashindwa kuikanyaga. Gauni nilizoanza kuzishona kwa sketi zikabaki sketi.

Nilikwenda zahanati. Wakanitoboa kidole, wakatoa na damu ya mkononi. "Malaria na taifodi," nikaambiwa. Nikapewa dawa. Nikapata nafuu siku nne, homa ikarudi. Nikaenda tena: taifodi. Mara ya tatu yule mhudumu akaangalia karatasi zangu, akatikisa kichwa, akasema, "Dada, yako ni taifodi sugu." Kwetu taifodi imekuwa kama jina la ubatizo, kila mtu analo. Hakuna aliyeniuliza kama tunafuga. Na mimi sikusema, maana sikujua kwamba zizi linaweza kuingia kwenye damu ya mtu.

Mimba ilitoka ikiwa na miezi mitano. Nilikuwa nafua. Nikasikia kitu cha moto kinashuka mapajani, nikadhani ni maji ya beseni, kumbe ni damu. Tumbo likabana mara tatu tu. Alikuwa wa kiume. Vidole vyake vilikuwa na kucha. Siku ile Mama Ezekieli alinishika kichwa, akaniosha, akafunga mtoto kwenye kipande cha kitenge kilichobaki kwenye kikapu changu cha ushonaji, na Ezekieli akamzika nyuma ya migomba. Mpaka hapo sina la kumlaumu.

Siku ya tatu alikuja akakaa kwenye kigoda, karibu na mlango.

"Spesioza. Ulikunywa nini?"

Sikumwelewa. Nikataja dawa za zahanati, uji na maziwa.

"Hayo nayajua. Nakuuliza ulikunywa nini. Mafundi wa mjini wanajua dawa. Mimba ya miezi mitano haianguki kama embe bichi."

Nikamtazama Ezekieli. Ezekieli aliutazama ukanda wa kandambili yake uliokatika, akaugeuza, akaugeuza tena. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Huo ndio upole nilioolewa nao.

Mama yangu alikuja kutoka Muyama kunichukua akiwa na wasiwasi baada ya kusikia sauti yangu kwenye simu. Alinipeleka hospitali moja Kasulu. Nilikuwa nimebaki mifupa, natembea kwa kuegemea. Daktari alikuwa mwanamke, si mzee, mwenye sauti ya upole. Alisoma karatasi zangu zote za taifodi, akaziweka pembeni, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu homa ianze.

"Nyumbani mnafuga?"

Nikamweleza Bihogo, kondo na maziwa. Mama akaweka mikono kichwani. "Mawe we! Uliyanywa mabichi?"

Daktari akaagiza damu iende maabara ikaoteshwe. Aliyenitoa damu ni mtaalamu wa maabara, nitamwita Nestori, kijana wa Kasulu anayepiga soga huku akikuchoma ili usitazame sindano. Alinieleza kwamba vile vipimo vya haraka vinaweza kudanganya, kijidudu kimoja kikajibu jina la kingine, kwa hiyo wataiweka damu yangu kwenye chakula cha vijidudu na kusubiri waone kipi kinaota. "Kama kupanda mbegu usiyoijua," akasema. "Ikiota ndiyo unajua ni mhogo au ni magugu." Tulisubiri siku nyingi. Kikaota. Ilikuwa brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaomwingia na mtu.

Yule daktari alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulionivunjia nyumba. Kwenye karatasi ya kutokea hospitali alitaka mume wangu aelewe. Aliona jina la kitaalamu litamchanganya, akaandika kwa Kiswahili jina ambalo maafisa mifugo hulitumia kila siku, akalipigia na mstari: Ugonjwa wa kutupa mimba.

Nilirudi Murungu na karatasi hiyo nikiwa na furaha, fikirini. Nilijua imenitetea. Nikampa Ezekieli aisome kwa sauti mbele ya mama yake na shangazi zake wawili. Akasoma. Alipofika pale palipopigiwa mstari sauti ikamfia.

"Rudia," Mama Ezekieli akasema.

Akarudia. "Ugonjwa wa kutupa mimba."

"Ego, ndivyo hivyo. Sasa hata daktari ameandika."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikasema ni ugonjwa wa ng'ombe, ni wa Bihogo, muulizeni afisa mifugo. Shangazi mmoja akasema, "Ng'ombe hutupa kwa sababu hana akili. Wewe una akili." Ng'ombe akitupa mimba wanamwonea huruma na kumpa majani mabichi. Mimi nilipewa mfuko wangu wa nguo. Cherehani ilibaki kwao mwezi mzima kabla kaka yangu hajaifuata.

Dawa nilizimezea kwa mama, Muyama. Vidonge vya aina mbili, wiki sita bila kuruka hata siku moja. Mkojo ulikuwa rangi ya machungwa, nikashtuka, kumbe ndivyo dawa ilivyo. Kichefuchefu kilinishika kila asubuhi kama cha mimba, na mimi mimba sina. Kwa hilo nililia kuliko kwa maumivu. Wiki ya tatu jasho likakoma. Wiki ya tano nikakanyaga cherehani pindo moja la shuka. Mama alikaa mbele yangu akihesabu vidonge, na maziwa aliyonipa yalichemka mpaka yakakaribia kumwagika.

Niliporudi Kasulu kuangaliwa, Nestori hakuwepo. Nikamuuliza mwenzake. Akasema, "Anaumwa. Amepata kama wewe."

Kama mimi? Hafugi, maziwa hanywi. Nikaelezwa. Vijidudu hivi vikioteshwa vinakuwa vingi, vinaruka hewani bila kuonekana, na mtu anayefungua chombo akivivuta tu, basi. Inatakiwa kabati maalumu linalovuta hewa. Lao lilikuwa limeharibika, na yeye alifungua chombo changu mezani, amevaa barakoa ya kawaida. Damu iliyonipa mimi jina la ugonjwa ilimpa yeye ugonjwa wenyewe.

Nilikwenda kwao na papai. Nilimkuta kwenye kiti nje, amejifunika blanketi juani, akishika kiuno upande uleule wa kulia. Nikasimama na papai langu mkononi.

"Karibu, dada. Usiogope, hukuniroga," akasema. "Ila nimejua sasa kwa nini ulikuwa unakaa upande."

"Nisamehe."

"Ulinifanya nini? Mimi ndiye niliyefungua." Akavuta blanketi. "Kinachoniudhi ni kimoja. Ili tumjue mgonjwa mmoja, lazima tumweke mwingine hatarini. Ama tutumie kipimo cha haraka, tuwaambie watu taifodi, taifodi. Hiyo si kazi."

Alipona, polepole kuliko mimi. Alipopona akajiunga na watafiti waliokuwa wakitafuta kipimo cha damu kilicho salama zaidi. Alinieleza hivi: kwenye ganda la kijidudu kuna alama zake za pekee, na mwili wa mgonjwa unazikumbuka. Wanazitengeneza alama hizo wenyewe, bila kukiotesha kijidudu, kisha wanatazama kama tone la damu ya mtu linazitambua. "Ni kumtambua mwizi kwa kofia yake," akasema, "bila kumwingiza mwizi mwenyewe sebuleni." Lakini ili wajue kama kipimo kinasema kweli, walihitaji damu ya watu ambao ugonjwa wao ulikwisha kuthibitishwa. Watu wa namna hiyo huku kwetu hawakuwa wengi, kwa sababu wengi wetu tuliandikiwa taifodi.

Nilitoa. Nilitoa mara nyingi, mwanzo na baada ya miezi, ili waone kumbukumbu ya mwili inavyofifia. Watu wa Muyama walisema nauza damu kwa wazungu, na wazungu wenyewe sikuwaona, nilimwona tu Nestori na chupa zake. Sikutoa kwa sababu ya moyo mzuri, msinisifie. Nilitoa kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka kazi.

Walipofika hatua ya kukijaribu vijijini waliniomba niwe mkalimani. Wazee wengi wa huku hukisikia Kiswahili lakini jambo la mwilini hulitaka kwa Kiha. Nikakubali. Kituo cha pili kilikuwa Murungu.

Mama Ezekieli alikuja saa nne asubuhi, anatembea kwa fimbo. Nilikuwa sijamwona kwa miaka miwili. Alikuwa amekonda, na alipoketi kwenye benchi alikaa upande. Nikajua kabla ya sindano. Ezekieli alikuwa nyuma yake, ameshika kofia, akanisalimia kwa kichwa.

Damu ilichukuliwa, wakasubiri nje. Kipimo kipya kilijibu, na cha zamani walichokitumia pamoja nacho kikajibu vilevile. Nestori akamwita ndani, mimi nikiwa nimekaa katikati yao.

"Mama, hiki kiuno si uzee. Una brusela. Inatibika," Nestori akasema.

Akanigeukia mimi, mara ya kwanza siku hiyo. "Ndiyo nini hiyo?"

Ningeweza kusema homa ya maziwa. Ningeweza kusema homa ya ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kumfanya aelewe, na nilijua jina moja analolielewa vizuri sana.

"Ni ugonjwa wa kutupa mimba, Mama."

Aliruka kama amekaa kwenye siafu. "Mimi? Na umri huu? Mimba nitupe ya nani?"

"Ndivyo nilivyosema na mimi."

Nestori alitazama karatasi zake. Nje kulikuwa na watu kwenye foleni, wanacheka mambo yao. Mama Ezekieli akanisogelea, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Mwana wanje, usiwaache waandike hilo jina. Watu watasemaje?"

Nilikuwa nimelisubiri swali langu kwa miaka miwili. Nilidhani nitalitoa kwa kelele, lakini lilitoka kwa sauti ndogo.

"Ulikunywa nini, Mama?"

Akaishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Maziwa," akasema.

"Na mimi."

Hakuomba msamaha. Machozi sikuyaona, na kama yalikuwepo aliyameza. Nestori akakohoa, ndipo Mama Ezekieli akasema, "Sasa nitachemsha." Nikamwambia Nestori aandike brusela tu, akaandika. Mama Ezekieli akaikunja karatasi mara nne, akaichomeka kwenye pindo la kitenge, akapita katikati ya foleni ileile ya watu ambao neno lake moja lingetosha kunisafisha machoni pao, akaenda zake na mwanawe nyuma.

Ezekieli alinitumia ujumbe baadaye kwamba nirudi, yamekwisha. Nikamjibu kwamba yalipoanza yalianza mbele ya watu, na yaishe mbele ya watu. Ujumbe ameusoma. Kujibu hajajibu, na mimi sisubiri tena, nina nguo za watu za kushona.

Sasa shukrani, maana nilizikopa mwanzoni. Namshukuru Mungu kwa mifupa yangu. Namshukuru mama na sufuria yake. Namshukuru yule daktari aliyeniuliza kama tunafuga, na jina aliloandika nimemsamehe. Namshukuru Nestori, ambaye kiuno bado kinamsumbua wakati wa masika. Kipimo chao hakijafika kwenye zahanati zetu, bado kinajaribiwa, na mimi nikiitwa kutoa damu tena nitakwenda. Wakati huo chemsheni maziwa. Chuchu haziungui. Ng'ombe wa mama yangu, maana sasa tunaye, anakamwa asubuhi na jioni, tunachemsha, na hajakauka. Ng'ombe akitupa mimba msimguse kwa mkono mtupu, na mwenye mimba asikaribie kabisa. Homa ikirudi mara ya tatu, msikubali kuambiwa taifodi bila kutaja zizi lenu, hata kama hamjaulizwa.

Na mkwe wenu akipoteza mimba, kabla hamjamuuliza alikunywa nini, kumbukeni mlichompa.